Unga wa Wimbi Kwenye Santuri ya Omwenga

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki: haya mambo yalitokea. Unga ulipiga muziki, na soko la Daraja Mbili, pale mjini kwetu, likacheza.

Mwaka wa 1978, Omwenga, mtoto wa mama yangu mdogo, alikuwa na bendi ya fujo kule Nyamache. Mashati yamechanika, yamefungwa kwa pini. Spika waliitoboa kwa msumari makusudi, ingurume kama fahali mwenye jino bovu.

Tuliwapenda kama wazimu.

Kisha kampuni kubwa ya Nairobi ikawarekodi. Santuri ikatoka laini, kama imepigwa pasi.

Watu wa mjini: "Sasa huu ndio muziki!"

Watu wa Nyamache: "Wametunyolea simba!"

Omwenga akaniambia, "Ndugu yangu, siku ya soko Haresh, yule muuza vitambaa pale Daraja Mbili, ataipiga dukani kwake. Watu wangu wakiikataa, hili gitaa ni kuni."

Na hakuwa anatania.

Asubuhi ya soko nikapita jikoni kwa Mama Mdogo Jemimah, nikachota unga wa wimbi. Haresh alipogeuka kumpimia mteja kitambaa, nikaunyunyiza juu ya santuri.

Sindano ikashuka.

Krrrrrr!

"Hiyo ndiyo yetu!" Nyamache wakapaaza sauti. Vumbi juu!

"Mashine yangu inakufa!" Haresh akalia.

Mama Mdogo akajipenyeza, akagusa santuri, akaonja kidole.

"Wimbi. Tena unga wangu. Nani?"

Nilikuwa nyuma ya mikungu ya ndizi. Lakini shati langu jeupe la kanisani lilikuwa jekundu kwa unga kifuani kote.

"Wewe! Utanisagia debe zima. Hapa hapa, watu wakiona."

Jamani! Kwetu enzi hizo, mwanamume kushika jiwe la kusagia ilikuwa aibu ya kumhamisha mtu kijiji. Muuza nafaka akatoa jiwe lake, anacheka mpaka machozi. Nikapiga magoti.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Omwenga, gitaa mgongoni tayari kwa kuni kwa kuwa siri ya unga imefichuka, akatega sikio.

"Usiache!" akaniambia. Akalishusha gitaa, akaanza kulipiga akifuata mdundo wa jiwe langu.

Nyamache wakaruka. Watu wa mjini wakaruka. Haresh akasahau mashine.

Funzo nililipata magotini: ukitaka kumwokoa mtu, usianzie kwenye unga wa mama yake.

Nikajaribu kuinuka, nikijua nimesamehewa.

"Rudi chini, baba," Mama Mdogo akasema, kiuno kinamcheza. "Debe bado."