Doria Niliyoifanya Nikiwa Nimekaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa gambuti, rungu na saa. Saa yenyewe ilikuwa nzito, imevalishwa ngozi, unaining'iniza begani. Supavaisa wetu, mzee wa jeshi tuliyemwita Sajini, alinizungusha shamba lote la chai akinionyesha vituo sita. Kila kituo kilikuwa na ufunguo wake, umefungwa hapo hapo kwa mnyororo. Unauingiza kwenye saa, unauzungusha, na karatasi ya ndani inatobolewa namba ya kituo na wakati. Jioni meneja anaifungua anasoma.

Nyinyi vijana mnasema mnapiga patroli. Sisi tulikuwa watu wa doria, na Sajini hakutaka neno hilo litumike ovyo. Alituambia limetoka kwa Waarabu, kwao ni kuzunguka, na ni ndugu ya duara na duru. Lilipitia Pwani, likapanda bara na maaskari mpaka likafika kwetu Kericho.

"Lindo unakaa," alisema. "Doria unazunguka. Ukikatisha njia, hayo ni matembezi tu."

Zamu yangu ilikuwa ya mchana. Kituo cha nne kilikuwa chini kabisa, mlangoni mwa nyumba ya pampu kando ya mto, ambako Mzee Ombati alishinda peke yake akiendesha pampu. Kufika huko lazima upite msitu wa mikaratusi. Miaka hiyo ya tisini watu walikuwa wanaogopana kwa sababu ya vita vya makabila, na ukungu ulishuka mapema. Mwenzangu mmoja alikutana humo na wezi wa miti, akarudi amepasuliwa kichwa. Jamani, niliogopa. Tawi likivunjika tu, nageuka nyuma. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi nikakimbiza wangu: niliufungua ule ufunguo kwa spana nikautia mfukoni. Siku tatu nilizungusha kituo cha nne nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha geti, nakunywa chai.

Siku ya tatu mkanda wa pampu ulimshika Mzee Ombati mkono. Hakuna aliyejua mpaka kiwanda kilipokosa maji jioni na fundi akateremka kuangalia. Walipompitisha getini, nilikimbia mtoni kuurudisha ufunguo. Safari hiyo sikukumbuka hata kuiogopa miti.

Kesho yake meneja aliniita ofisini, Sajini akiwa amesimama kando. Mzee Ombati alikuwa amesema hospitalini kwamba alishikwa saa nane. Karatasi ya saa ilisema mimi nilikuwa mlangoni pake saa tisa.

"Langat, ulimkuta vipi?"

Nilikuwa na watoto wanne shuleni.

"Nilimkuta mzima, bwana."

Sajini aliangalia sakafu. Meneja akasema saa haidanganyi, mzee amechanganywa na maumivu. Ikaandikwa hivyo.

Nilipanda cheo, nikafundisha wengine doria mpaka nikastaafu. Miaka yote hiyo niliogopa kwamba kutakuja barua kutoka Kisii, ambako Mzee Ombati alirudi na mkono mmoja. Haikuja. Mwishowe nilienda mwenyewe. Alinikaribisha kiti, nikamweleza yote, mpaka ule ufunguo mfukoni.

"Nilijua," alisema. "Mlango ulikuwa wazi. Niliita, niliita, halafu nikaona mnyororo hauna kitu. Hapo ndipo nikaacha kuita."