Barua Iliyomchekesha Mwalimu

Nimepeleka suruali kwa fundi wa soko la Kimironko ipanuliwe kiuno, na harufu ya chaki yake imenirudisha mezani kwa mama, mshonaji asiyejua kuandika. Nikiwa mwanafunzi, nilimwandikia barua ya kumpelekea dada yake waliyekosana naye. Mwalimu wangu alikuja kupimwa shati, akaisoma, akacheka.

"Mama, huyu afundishwe sarufi kwanza, ndipo aandike."

"Mwalimu, dada yangu hanisemeshi mwaka wa tatu. Nimwambie asubiri mtihani?"

Mama akaniamuru nimsomee kwa sauti. Alipopiga miayo nilifuta sentensi hiyo. Machozi yalipomlengalenga niliiacha ilivyo.

Wiki iliyofuata mama mkubwa alifika, barua imefungwa kwenye pindo la kitenge.

Leo nina shahada ya lugha, na bado nafuta pale mama angepiga miayo.