Mashine Iliyoandika "Kijani cha Sombe"

Mashine haijawahi kula sombe, yale majani ya muhogo ya kupondwa. Lishikeni hilo kwanza, mtaelewa kwa nini nilishtuka.

Mimi ni Delphine, mjiolojia, mtoto wa Lubumbashi. Kwenye kampuni moja ya shaba nilikuwa nasoma mawe yaliyochimbuliwa na kuandika ni ya aina gani.

Malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ikikolea naiita "kijani cha sombe". Ni mimi tu ninayeandika hivyo. Tangu chuoni Kasapa walikuwa wananicheka.

Jumatatu moja bosi wetu, Stanislas, alituletea akili bandia. Unaipa picha ya jiwe, inatoa ripoti.

Nikasoma ripoti yake ya kwanza: "Malakiti, kijani cha sombe."

Damu ilinichemka. Nikamfuata Franck, tuliyekuwa tukifanya kazi meza moja.

"Ni nani alibapatia ma-rapports yangu?"

"Patron njo aliomba. Nilimupatia yote. C'est le progrès, Delphine, ni maendeleo."

"Progrès ya nani? Niko na batoto ba kusomesha."

Nyoka yule alikuwa ameahidiwa kuisimamia hiyo mashine. Wiki hiyohiyo mimi nikaachishwa kazi.

Baadaye Stanislas akanipigia, mpole ajabu. Mashine ilikuwa inachanganya mawe meusi, manganizi inaiita kobalti. Namna ya kuyatofautisha sikuwahi kuiandika, maana mimi nayakwaruza kwa kisu, naangalia unga wake.

"Rudia, mama Delphine. Kazi yako iko."

Nikarudi mbio. Franck hayupo, naye wamemtupa nje. Nilifurahi, siwafichi.

Asubuhi nzima nikakwaruza mawe, nikasema kwa sauti hili ni nini na lile ni nini, kama nilivyoombwa.

Mchana nikasimama kunywa maji. Kamera ya juu ya meza, niliyodhani ni ya kupiga picha za mawe, ikageuka. Ilikuwa inafuata mikono yangu.

"Patron, hii iko ya nini?"

"Iko ya kufundisha mashini."

Nikatupa kisu mezani, nikatia mikono mfukoni.

"Basi ijikwaruzie yenyewe. Mi siguse tena jiwe."

Stanislas hata hakukasirika.

"Haina shida, mama. Ya asubui inatosha."

Nyinyi mnaosomea madini, bosi akikubembeleza umweleze kazi yako hatua kwa hatua, muulize kwanza ni nani anayefundishwa. Mimi niliuliza nikiwa nimeshamaliza somo.