Vitambaa vya Don Zenobio

Don Zenobio Chuquimia hakuwa askari wala mtumishi wa serikali, na hakuna aliyewahi kumwandikia barua ya ajira. Alijiajiri mwenyewe asubuhi moja, akiwa na vipande viwili vya nguo, kimoja chekundu na kimoja cha kijani. Alisimama kwenye kona mbaya kuliko zote za barabara ya Yungas, ile inayopanda kutoka kwetu bondeni hadi jiji la La Paz, na tangu siku hiyo lori lililotaka kupita lilipita kwa ruhusa yake.

Kabla ya hapo alikuwa utingo. Basi lilipotumbukia korongoni pale kwenye kona, lori lao ndilo lililokuwa nyuma, na yeye ndiye aliyeshuka kwa kamba kwenda kuwatoa watu. Aliwatoa wachache waliokuwa wanapumua na wengi waliokuwa hawapumui. Kesho yake dereva wake alimngoja stendi mpaka akachoka, akaondoka na utingo mwingine. Kile chekundu alikikata kwenye sketi kuukuu ya mkewe. Cha kijani kilikuwa kitambaa cha meza alichoomba kwenye mgahawa. Mkewe alipofariki kwa kifua, akabaki na binti yao, Eusebia, aliyekulia barabarani kama mbuzi wa mlimani, na alipopata nguvu za kusimama kutwa, baba yake akampa zamu ya juu.

Zamu ya juu ilikuwa hivi. Kona yetu imejikunja mno, anayepanda hamwoni anayeshuka mpaka wakutane pua kwa pua, na njia ni ya lori moja. Eusebia alisimama juu ya jiwe lililochomoza upande wa pili, mahali anapoona wanaoteremka kutoka La Paz na baba yake anamwona. Yeye alimpa baba yake rangi, baba yake akatupa sisi. Ukungu ukishuka, wakatumia filimbi: mlio mmoja mrefu, njia nyeupe. Don Zenobio hakutoa kijani chake kabla ya kupata kijani cha binti yake, hata ungemlilia machozi ya damu.

Malipo yao yalikuwa ya kurushiwa. Dereva akipita, anatupa dirishani sarafu, au mkate, au chungwa. Mimi, Tomasa Yujra, mchuuzi wa matunda, nilirusha machungwa, na sitasema yalikuwa mazuri. Mtu aliyenisimamisha juani nusu ya asubuhi na mzigo unaooza nimpe chungwa la daraja la kwanza kwa lipi?

Kwa sababu mzigo ulikuwa unaoza kweli. La Paz iko juu kule kwenye baridi, ukipanda mchungwa utakucheka. Kila chungwa, kila ndizi, kahawa yao, papai la wagonjwa wao, majani ya koka wanayotafuna wajenzi wao, vyote vilitoka kwetu bondeni na kupandishwa kwa barabara ile moja. Na unga wetu, sukari, mafuta ya taa na misumari vilishuka kwa hiyo hiyo. Waheshimiwa walizungumza redioni kuhusu maendeleo ya taifa mpaka betri zikaisha. Sisi tulijua taifa linaning'inia kwenye kitambaa cha meza.

Siku ninayoisimulia ilikuwa sikukuu ya Alasitas, mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea. Siku hiyo kila mtu anataka awe La Paz kabla ya saa sita mchana, kwa sababu kile unachokitamani mwaka huo unakinunua kikiwa kidogo, nyumba ya kiganjani au gunia la kidole, na sharti kibarikiwe saa sita kamili. Ikipita, imepita mpaka mwakani. Dereva wetu, Don Anselmo Tarqui, alikuwa na kilori cha bati mfukoni. Alitaka lori la pili. Mimi nilitaka kibanda cha soko chenye paa. Nilipanda juu ya magunia ya machungwa kabla ya kupambazuka, nimejifunika turubai, na yule mtu wa kilori cha bati alikanyaga mafuta kama anafukuzwa.

Tulifika kwenye kona, ukungu umejaa bondeni mpaka pomoni. Don Zenobio alikuwa katikati ya njia. Ameinua nyekundu.

Anselmo akazima injini, akangoja. Nyuma yetu lori la pili likasimama, la tatu, la nne. Filimbi hatukuisikia. Chini mto ulikuwa unanguruma kwa mvua za usiku, basi tukasema labda hatujaisikia tu.

"Don Zenobio!" Anselmo akatoa kichwa. "Vipi, leo umekuja na rangi moja tu?"

"Moja tu, Don Anselmo."

"Kuna kitu kinashuka?"

"Sijui."

"Hujui! Basi toka njiani, mimi ninayepanda ndiye mwenye haki."

"Sijapata filimbi."

Nikaona huu sasa ni wehu. Nikainuka juu ya magunia yangu, mikono kiunoni. "Wewe mwenye vitambaa! Hata kuku hapiti huko! Machungwa yangu yakioza utayala wewe?"

"Nitayala, Doña Tomasa," akasema. "Kaa chini, usije ukaanguka."

Watu wakacheka, na mimi nikazidi kuwaka. Honi zikaanza huko nyuma. Dereva mmoja akaja kwa miguu, mwingine akamfuata, wakamzunguka. Mmoja akampa noti ya boliviano kumi. Akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya harusi asiyoijua, akarudisha macho kwenye ukungu. Mvua ilimchuruzika shingoni.

Ndipo Anselmo akafanya jambo la kipumbavu. Akawasha injini, akaingiza gia, na lori likaanza kutambaa. Nilihisi magunia yakitikisika chini yangu. Don Zenobio hakurudi nyuma. Bampa ikafika kifuani pake, ikamgusa, na yeye akaweka mkono wa kushoto juu ya boneti kama anamtuliza punda, wa kulia bado uko juu. Nikapiga kelele. Sijui niliita jina la nani. Anselmo akakanyaga breki na kupiga usukani ngumi.

"Unataka kufa, mzee?"

"Nilisikia mlima ukikohoa," Don Zenobio akasema.

Honi zikanyamaza moja moja. Kila mtu wa barabara ile anajua maana ya maneno hayo: udongo umeporomoka mahali.

"Lini?" Anselmo akauliza.

"Kabla hamjafika. Tangu hapo mtoto hajapiga filimbi."

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Midomo yake ilikuwa ya majivu. Nilidhani ni baridi, kumbe mtu huyu alikuwa amesimama pale muda wote, mwanawe yuko nyuma ya kona, hatua za kuhesabika tu, na hakujua kama yu hai.

"Sasa unasubiri nini?" nikamwambia. "Nenda kamwangalie!"

"Nikienda mtapita."

"Hatupiti."

"Doña Tomasa." Akanigeukia, na sauti yake ikawa chini kabisa. "Nyinyi hampiti. Huyo wa nyuma je? Na atakayekuja baada yake, asiyejua kitu? Akiona kona haina mtu ataingia. Naomba mtu mwingine aende. Mimi siwezi kutoka hapa."

Wanaume wakatazama viatu vyao. Sikuwalaumu sana. Mlima uliokohoa mara moja hukohoa tena. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira ikiniwasha miguu hunitangulia. Niliteremka kwenye magunia, nikafunga sketi yangu kiunoni, nikatema koka niliyokuwa nikiitafuna.

"Nipisheni," nikasema. "Nyie kaeni na mabati yenu."

Nilipita nikijibana ukutani, upande wa mlima, nikipapasa mwamba kwa kiganja. Ukungu ulikuwa mzito, viatu vyangu sikuviona. Baada ya kona nilianza kusikia mlio ambao haukuwa wa mto. Maji yalikuwa yanamiminika mahali ambapo jana hapakuwa na maji. Nikapunguza mwendo. Nikawa nagusa ardhi kwa mguu kwanza, kisha naikanyaga, kama mwizi. Mguu wa kulia ukagusa, ukakosa.

Nilikaa chini pale pale, kitako, kwenye tope. Mbele yangu barabara ilikuwa imekwisha. Mlima ulikuwa umeichukua yote, ukingo na ukuta, na kijito kipya cha tope jekundu kilikuwa kinashuka katikati. Tungeingia humo na magunia yetu, na hao wa nyuma wangetufuata wakidhani tumevuka salama.

Jiwe la Eusebia halikuwepo.

Niliita. "Eusebia! Eusebia, mwanangu!" Maji yakanijibu. Niliita tena mpaka koo likakwaruza. Nilifikiria namna ya kurudi kwa yule mzee na kumwambia nini, na nilitamani mtu mwingine angekuja badala yangu. Nililia, sioni haya kusema.

Kisha upepo ukaupasua ukungu kidogo, na ng'ambo ya pili nikaona kitu chekundu. Kilikuwa mbeleko, ile nguo ya mgongoni tunayobebea watoto na mizigo. Ilikuwa juu hewani, imeshikwa kwa mikono miwili. Chini ya mbeleko alikuwa Eusebia, amenipa mgongo. Mbele yake taa za lori, nyuma ya taa hizo taa nyingine, na nyingine, zimepangana mpaka zikamezwa na ukungu.

"Eusebia!"

Akageuza kichwa, mikono haikushuka. "Nani?"

"Tomasa! Wa machungwa!"

"Doña Tomasa, usisogee! Baba yuko wapi? Ameacha watu wapite?"

"Hajaacha hata inzi!"

Niliona mabega yake yakishuka, kisha yakapanda tena. Alinieleza kwa kupiga kelele, neno moja moja, juu ya maji. Dereva wa lori la unga alikuwa amesimama huko juu akamwita aje achukue mkate mkononi, kwa kuwa siku ya Alasitas hakutaka kumrushia mkate ulowe kwenye tope. Akaacha bendera na filimbi juu ya jiwe, akaenda. Alipogeuka na mkate wake, jiwe halikuwepo. Alitupa mkate akavua mbeleko.

Dereva mwenyewe alikuwa ameshuka, amesimama pembeni ya lori lake. Na mimi, Mungu anisamehe, mchuuzi ni mchuuzi.

"Umebeba nini?" nikamwuliza.

"Unga! Na sukari!"

"Mimi machungwa! Usigeuze gari! Tope likitulia tutavusha mgongoni, wewe upakie yangu, Don Anselmo apakie yako!"

Akanitazama kama nina wazimu, halafu akaitikia kwa kichwa. Yeye naye alikuwa na mzigo na watoto.

Nilirudi mbio kadiri mtu anavyoweza kukimbia akiwa ameshika ukuta. Don Zenobio alikuwa vile vile katikati ya njia. Hakuniuliza kama binti yake yu hai. Nadhani aliogopa neno lenyewe.

"Ameshika rangi gani?" akauliza.

"Nyekundu," nikasema. "Bendera imekwenda na jiwe. Ameshika mbeleko yake, amewazuia wote wa juu. Barabara haipo, Don Zenobio. Amenituma nikuulize kama umeacha watu wapite."

Akataka kukaa pale pale njiani. Anselmo akamdaka kwapani. Mzee alilia kwa sauti, mbele ya madereva wote, mdomo wazi kama mtoto, na hata wakati huo kile kitambaa alikuwa amekiinua, mpaka nilipomshika kiwiko na kukitoa mkononi mwake. Kilikuwa kizito kwa maji. Pindo lake bado lilikuwa na ushono wa mkewe.

"Nenda," nikamwambia. "Pita upande wa ukuta. Kaa mbali na ukingo."

"Usimpe mtu kijani."

"Hata awe askofu."

Alikwenda anapepesuka, ukungu ukamfunika. Nikasimama mahali pake. Sikujua kwamba mkono ukiinuliwa muda mrefu huuma kuanzia shingoni. Saa sita ilitukuta pale pale. Anselmo akatoa kilori chake cha bati, akakitazama, akamwagia Pachamama, mama yetu wa ardhi, pombe kidogo pembeni ya njia kumwomba atosheke. Akakirudisha mfukoni na kuja kusimama kando yangu.

Malori yalizidi kuja kutoka bondeni, na kila lililofika lilikuja na hasira mpya. Lori moja la ndizi likatoka kwenye foleni, likajipenyeza mpaka mbele, honi haikatiki. Juu ya mikungu alikuwa amesimama mwanamke simjui, mikono kiunoni, mvua inamtiririka kwenye kofia.

"Wewe mwenye kitambaa!" akanipigia kelele. "Nani amekuajiri kutuzuia? Hakuna hata panya anayepita huko! Ndizi zangu zikioza utazila wewe?"

Nikaupandisha mkono juu zaidi.

"Nitazila, mama," nikamwambia. "Mwambie dereva wako azime injini."