Nusu kwa Nusu

Baba yangu alikuwa polisi, na pale kambi ya polisi Nsambya, Kampala, walimwita mlevi. Mtu ambaye hata soda iliyochacha hakunywa! Mkono wake ulianza kurukaruka wenyewe, kisha bega, kisha miguu, akawa anatembea kama anakwepa madimbwi ambayo sisi hatuyaoni. Kwenye paredi akishindwa kutulia, afande wake anakuja kumnusa mdomo. Huko kwetu kaskazini wao walishampata mchawi: bibi mmoja jirani, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuwa na ng'ombe wanono.

Kabla baba hajafa, daktari mmoja wa utafiti wa ubongo akamtoa damu. Ikapelekwa mbali, ikarudi na jibu. Tukaitwa: mama, dada yangu, mimi, na bamdogo, yaani mdogo wake baba, naye polisi mstaafu. Daktari akasema ndani ya mwili kuna maandishi, yanaitwa jeni, na kwa baba kuna pahali neno moja linarudiwa, linarudiwa, kupita kiasi.

"Kama DJ wa Kamwokya disiki ikikwama," nikasema.

"Ndiyo hivyo, ssebo, bwana wangu." Akacheka, halafu akaacha. Kila mtoto wa baba ni nusu kwa nusu, akasema. Anayo au hana. Dawa ya kuiondoa bado inatafutwa. Anayetaka kujua yake atapimwa, asiyetaka hakuna wa kumlazimisha.

Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini nusu naijua. "Watoto tuko wawili. Basi mmoja wetu kapona."

"Hapana. Mnaweza kuwa nayo wote. Mnaweza kukosa wote."

Hesabu gani hiyo? Nikahesabu upya kwa vidole, ikakataa.

Dada alitaka kupima. Kwanjula yake ilikuwa inakaribia, ile siku mchumba anakuja na watu wake na vikapu kujitambulisha nyumbani. Hakutaka kumpa mwanaume wa watu kitu ambacho hata yeye hakijui. Lakini kwetu baba akifa, bamdogo ndiye baba, asiposema ndiyo hutoki kuolewa. Na bamdogo akasema hapana, hakuna kupima.

"Damu ikitoka nyumbani, na maneno yanatoka. Wakwe watakimbia. Nitawapima mwenyewe."

Kipimo chake kilikuwa paredi. Jumapili tukitoka kanisani, anatupanga uani kwake Kisugu, fimbo kwapani, anapiga kelele mpaka kuku wanatawanyika: "Mguu sawa!" Tunasimama kama nguzo za umeme, yeye anazunguka anakagua vidole. Siku moja nikachezesha kidole makusudi. Mzee akapiga magoti, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, hata kupumua hapumui.

"Natania, afande."

Kofi lile nadhani lilisikika mpaka Nsambya.

Sasa Jumapili nyingine tumesimama hivyo, dada akaninong'oneza bila kugeuza shingo: "Angalia fimbo."

Nikaangalia. Ncha ya fimbo ilikuwa inapanda na kushuka, kama mkia wa mbuzi. Kumbe ile fimbo alikuwa anaibana ili imtulizie mkono. Daktari alisema kila mtoto. Baba naye alikuwa mtoto wa mtu, na bamdogo ni mtoto wa huyohuyo.

"Bamdogo," nikasema, "wewe unakaguliwa na nani?"

"Kaa sawa, mjinga wewe."

"Leo mimi ndiye mkubwa. Leta fimbo."

Siku zote angenichapa nayo. Safari hii alinitazama, akamtazama dada, ambaye machozi yalikuwa yanateremka na yeye hasogei, kama paredi inavyotaka. Akanipa.

"Mguu sawa!"

Akasimama. Kifua mbele, kidevu juu, polisi kabisa. Na vidole vyake vya kushoto vikaanza, pole pole, kama mtu anachambua maharage kwenye mshono wa suruali. Akavikunja ngumi. Bega likaruka.

"Tangu lini?" dada akauliza.

"Kaka alikuwa bado hai." Alikuwa anaongea na ukuta. "Nilisema nikiwaona nyie mnasimama vizuri, labda na mimi..."

Na mimi mwenye maneno yote ya Kampala nikasahau amri ya kumwachia. Yeye akabaki amesimama vile, anarukaruka, anangoja. Dada ndiye aliyesema, "Mguu pande, baba." Hakuwahi kumwita hivyo.

Kesho yake bamdogo akamwambia, "Nenda kapime. Mimi sina haja, nimeshaona."

Dada hana. Kwanjula ilifanyika, vikapu vilijaa uani palepale, na bamdogo tulimkalisha nyuma ya mlango, na blanketi miguuni, wageni tukawaambia ni malaria.

Mimi sijaenda kupima. Dada akiniuliza lini, nasema disiki yangu inacheza vizuri, mwache DJ. Hacheki siku hizi. Kumlisha bamdogo kumekuwa kazi yangu, kijiko kwa kijiko, kwa sababu mama machozi yanamzidi. Namwambia, "Fungua geti, afande," anafungua mdomo. Ila macho yake hayako kwenye uji. Anaangalia mkono wangu ulioshika kijiko.