Jembe Kabla ya Mkono

Kimea cha ulezi kikichemka kina harufu ya mkate ulioungua kidogo, na mimi nikiinusa popote pale, hata leo, pua inanirudisha Ufipa, kwenye nyumba ya zahanati iliyopigwa na upepo kutwa kucha. Nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu, muuguzi, alihamishwa kutoka Tanga akapelekwa kijiji kimoja cha huko juu, safari ya asubuhi nzima kutoka Sumbawanga mjini ukielekea upande wa Kate, na tulifika sisi wawili tumevaa visweta vyetu vya pwani ambavyo baridi ya Ufipa iliviona mzaha mtupu. Wenyeji wetu walikuwa Wakatoliki, wakulima wa mahindi, maharage na ulezi. Sisi tulikuwa Waislamu pekee pale kijijini, watu wasioonja pombe, wasiojua Kifipa na wasio na shamba. Jirani yetu Mama Skola, mjane mwenye sauti ya kuitia watu bonde zima, alimwambia mama siku ile ile ya kwanza, "Nesi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe serikali imeshakupa sindano, basi jembe tutampa huyu." Akanishika mkono wangu laini, akaugeuza kama mtu anayekagua samaki sokoni, akacheka mpaka akajifuta machozi. Nilichukia kweli, na nilimpenda kuanzia hapo.

Lazima nieleze habari ya jembe, maana bila jembe hadithi hii haiendi. Mwisho wa mvua, nyasi zikiwa bado ndefu, Mfipa hachomi shamba lake. Anakata udongo pamoja na nyasi zake, anaugeuza, anaurundika mviringo, nyasi zinakaa ndani zikioza na kuwa mbolea. Tuta hilo wanaliita intumba, na shamba lililokwisha matuta linapendeza kulitazama toka mbali, vichuguu vya udongo mweusi hadi ukingoni mwa anga. Kazi hiyo haiwezwi na mtu mmoja. Mwenye shamba hupika pombe ya ulezi, huita majirani, wanalima asubuhi, wanakunywa mchana. Ikitokea mvua imezuia kazi, pombe haingoji, itachacha. Basi watu hunywa kwanza na jembe hubaki deni. Wala hakuna aliyeandika deni hilo mahali popote. Kila mtu analijua la kwake, na Skola, binti wa Mama Skola, rafiki yangu, aliniambia kwa uso wa mtu anayesimulia habari za jehanamu kwamba aliyekunywa bila kulima hakuna atakayekwenda shambani kwake mpaka anazikwa. Na kwa mjane kama mama yake, shamba bila majirani ni njaa.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Nolasko. Darasani tulikuwa tumekaririshwa kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho, nami niliimba sentensi hiyo kwa moyo wote, mpaka nilipouona mkutano wenyewe. Kauli ya mwisho ilikuwa imekaa chini kwenye majani ya uwanja wa shule, na Mwenyekiti amekaa kwenye sofa lake mwenyewe, lililobebwa kutoka nyumbani kwake likiwa na vitambaa vyake vya kufuma. Ala! Mikutano aliiita alipopenda, na akiiita jambo lilikuwa limeshaamuliwa. Watu waliitwa kuja kupiga makofi. Wazee walinong'ona njiani, wakinyamaza wakifika. Mimi mgeni sikuelewa. Watu hawa hawa, ambao wangeweza kubishana nusu siku juu ya mbuzi aliyekula mahindi, mbele ya lile sofa walikuwa mabubu.

Mwaka ule alikuja mgeni mwenye gari kubwa, akitaka bonde. Bonde lilikuwa chini ya kijiji, lenye chemchemi, na kiangazi, juu kote kukiwa kumekauka, huko ndiko kila nyumba ilikuwa na kipande cha maharage na mboga. Kipande cha Mama Skola ndicho kilichowalisha watoto wake tangu baba yao alipofariki. Mwenyekiti alisema bonde lote litapewa mwekezaji, na kwamba kinachobaki ni mkutano kuridhia. Basi siku chache kabla ya mkutano, nyumbani kwake kukaanza kunukia kimea. Aliita kijiji kizima kulima matuta siku ya Jumamosi. Alfajiri ile mvua ilishuka kama imetumwa, hakuna aliyeweza kugusa udongo, na pombe ilikuwa tayari. Watu wakanywa. Mvua ilikuwa ya Mungu, lakini ile pombe, nakwambia, ilipikwa kwa hesabu ya mtu. Walipokwisha kunywa Mwenyekiti akasimama, mpole kama padri, akasema, "Jamani, majembe yenu yapumzisheni. Shamba langu mwaka huu litalala. Mimi nitawadai mkono tu, Jumatano, kwenye mkutano." Wengine walicheka wakidhani ni utani. Mama Skola, aliyekuwa amekunywa kata moja tu ili asionekane anaringa, aliiweka kata chini.

Jioni alikuja kwetu pamoja na Skola, akakaa jikoni kwenye kigoda, hakutaka chai. Mama yangu hakuona tatizo liko wapi. "Shoga yangu," alisema, "si umekunywa tu? Kwani umekula kiapo? Jumatano kaa na mkono wako kwapani, umnyime. Pombe imeshapita, atakufanya nini?" Hiyo ndiyo busara ya mjini, na mimi nilitikisa kichwa kukubaliana nayo kabisa. Mama Skola akamtazama mama kwa huruma, kama vile yeye ndiye muuguzi na mama ndiye mgonjwa. "Nesi, nikinywa cha mtu nikamnyima, nimekuwa mtu gani? Nani atakuja kwangu na jembe? Na nikimpa mkono, watoto wangu watakula nini?" Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mwenye sauti kubwa namna ile akilia, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa fisi. Alikaa hivyo mpaka moto ukafifia. Halafu akanyamaza ghafla, akajifunga kanga upya, akamuuliza Skola, "Jembe letu liko wapi?" Akatoka bila kuaga, tukamsikia akipiga hodi nyumba ya pili, kisha ya tatu.

Jumanne kulipopambazuka niliamshwa na mlio niliokuwa nimeshauzoea, ila haukuwahi kuwa mkubwa hivyo: majembe mengi, yakipanda na kushuka. Nilikimbia na sweta langu hadi shambani kwa Mwenyekiti. Mungu wangu! Kijiji kizima kilikuwa mle. Wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, hata yule fundi baiskeli ambaye kwa uvivu alikuwa methali, wote wameinama, matuta yanaota nyuma yao. Mama Skola alikuwa mbele, akiimba kwa Kifipa, na wengine wakiitikia. Mwenyekiti alitoka nyumbani amejifunga shuka, kandambili mguu mmoja, akipiga kelele, "Nani amewaita? Acheni! Nimesema shamba hili linalala!" Mzee mmoja akanyoosha mgongo, akavua kofia kwa adabu zote. "Mwenyekiti, tulikunywa." Akavaa kofia, akainama tena. Sijaona tena maishani mtu akikimbia huku na huko kuwasihi watu wasimlimie shamba lake. Alimshika huyu jembe, yule akaendelea. Akaahidi pombe nyingine, nzuri zaidi, hakuna aliyegeuka. Mimi na Skola tulipewa kona yetu. Tuta langu lilimomonyoka, nikalirudia, likamomonyoka tena, Skola akasema linafanana na ugali uliokosa unga. Jua lilipokuwa juu, shamba zima lilikuwa limeisha. Watu walifuta majembe yao kwa nyasi, wakaenda zao.

Jumatano sofa lilibebwa kama kawaida. Afisa kutoka wilayani alikuwepo, na mgeni mwenye gari naye. Wanaokubali bonde litolewe wanyooshe mikono, ikasemwa. Ulinyooka mkono wa Mwenyekiti, na wa mdogo wake, ambaye aliushusha haraka alipoona hakuna wa tatu. Afisa akasema labda hamkuelewa, turudie. Tukarudia. Ikasemwa turudie tena. Maana kura ya namna ile hurudiwa mpaka ijibu vizuri. Mama Skola akasimama, kucha bado zina udongo, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Tumeelewa. Jana tulimaliza deni. Leo mikono ni yetu." Akakaa. Mkutano ukaahirishwa, na hakuna aliyewahi kuambiwa mpaka lini. Sitaki kumdanganya mtu: Nolasko alikaa kwenye sofa lile miaka mingi baadaye, na mambo mengine mengi alishinda. Lakini bonde hakulipata.

Sasa mimi ni mtu mzima wa Dar es Salaam, na nyumbani kwangu nina kanga za wagombea za kutosha kudekia nyumba. Kila uchaguzi naambiwa, na mimi nawaambia wengine, maneno yale yale ya mama: chukua, kula, kura ni siri yako. Tunajiona wajanja sana. Nilichochelewa kukiona ni kwamba ujanja huo unamfaa zaidi mtoaji. Anajua hatumdai na hatudaiwi; ametupa, tumechukua, tumemalizana, na barabara inabaki na mashimo yake miaka mitano mingine. Wale waliokaa kwenye majani, niliowaona mabubu, walikuwa na kitu ambacho sisi wenye simu na maneno mengi hatuna. Walijua bei ya mkono wao, wakakataa kuuacha kwa mtu hata usiku mmoja zaidi.

Mwaka huu mvua zikielekea mwisho nilikwenda kumwona Mama Skola. Mgongo umepinda, sauti bado ile ile. Bonde liko chini, la kijani, na kipande chake kinalimwa na Skola. Kesho yake kulikuwa na uchaguzi mdogo wa diwani, na vijana wa mgombea mmoja, mwenyeji wa pale pale, walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakigawa sukari. Nilimpa shikamoo, hata sijakaa vizuri akasema, "Umekuja wakati mzuri. Sukari ya yule bwana nimeshainywa na uji. Mgongo wangu umekataa. Chukua jembe pale mlangoni, nenda shambani kwake ukanipigie tuta." Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaenda, na viatu vyangu vya mjini, mke wa mgombea akinitazama kutoka barazani kama anayemtazama kichaa. Tuta la kwanza likamomonyoka. La pili nililikandamiza kwa viganja, nyasi zikakaa ndani, likasimama. Niliporudi Mama Skola alinishika mkono, akaugeuza, akatazama lengelenge lililopasuka na udongo chini ya kucha, akaridhika. "Haya," akasema, "nitolee kitenge changu cha kanisani nikinyooshe. Kesho namnyima."