Swichi Niliyoificha Mwenyewe

Sogea karibu, na kama una kikombe cha chai kishike, maana kazi hii haitaki haraka. Una gari la zamani na unataka kuliwekea king'ora. Unaweza. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wengi wakifungua dashibodi na kuona lile fundo la nyaya huifunga tena na kusema hiyo si kazi yao. Ni kazi yako. Waya unatoka mahali na unakwenda mahali. Ukiufuata kwa subira, utakuonyesha kwao. Nitakueleza nilivyoliwekea langu, na nitakuonyesha nilipokosea, ingawa nikifika hapo huwa natamani mtu mwingine aendelee kusimulia.

Mimi hufundisha umeme katika chuo cha ufundi mjini Machakos. Nyumbani ni Kathiani, juu kilimani, unapoiacha lami na kumalizia na barabara ya udongo. Niliishi huko na mama yangu. Alikuwa na pumu, na si ile ya kukohoa msimu wa vumbi. Yake ilikuja ghafla, midomo ikageuka rangi ya jivu, na dawa ya kuvuta ikawa kama kupuliza hewa ukutani. Daktari aliniambia waziwazi: akishikwa namna hiyo, afikishwe kwenye oksijeni ndani ya saa moja. Kwa gari, kutoka kwetu hadi hospitalini ni dakika arobaini.

Ndiyo sababu nilinunua gari. Lilikuwa jeupe, lenye mgongo mrefu, na umri wake uliwazidi wanafunzi wangu wote. Sikuwahi kwenda nalo kazini. Asubuhi nilipanda matatu kama kila mtu, nikaliacha gari uani likitazama barabarani, tangi lina mafuta, ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Huo msumari ulijulikana. Kwetu, siku ya shida gari haliulizwi ni la nani. Akina mama wawili walipelekwa kujifungua nalo, na mtoto mmoja aliyemwagikiwa na uji. Aliyeliendesha mara nyingi ni jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mzee aliyestaafu baada ya kuendesha lori la mchanga karibu maisha yake yote. Mama yangu alimwita "dereva wangu", naye alimwita mama "mwaitu", yaani mama, kama nilivyomwita mimi. Mara mbili alikuwa amemfikisha hospitalini akiwa bado anapumua, mimi niko darasani. Mara ya pili daktari alimshika mkono.

Halafu gari la mwalimu mwenzangu likaibwa mchana kweupe nje ya kanisa, watu wakiwa ndani wanaimba. Lilikuwa la aina ya langu na la umri wa langu. Akaniambia magari haya wezi wanayapenda kwa sababu tundu la ufunguo limelika, hata kijiko kinaliwasha. Jioni hiyo nilimkuta mama amekaa mlangoni akichagua maharagwe. Nikamtazama kifua kilivyokuwa kikipanda na kushuka, nikafikiria uani pakiwa patupu. Jumamosi iliyofuata nilinunua king'ora mjini.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya yote, fungua ncha hasi ya betri. Usiruke hatua hii hata kama una uzoefu. Gari la zamani lina waya uliochubuka mahali usipopaona. Kisha tafuta nyaya tatu: ule wenye umeme wakati wote, ule unaopata umeme ufunguo ukizungushwa, na ule wa taa ya milango. Usiamini rangi. Kwenye gari langu nyekundu ilikuwa imefifia ikawa waridi, na waridi ikawa kama maziwa. Tena mafundi waliotangulia walikuwa wameunga vipande vyao kwa tepu nyeusi, kila mmoja kwa akili yake. Rudisha betri kwa muda, tumia taa ya kupimia, gusa, tazama, andika kwenye karatasi. Waya wa kwenda bodini ufunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae. Nusu ya ving'ora visivyolia vimefungwa juu ya rangi. King'ora chenyewe kiweke chini ya boneti, mdomo ukitazama chini, maji yasikae ndani.

Watu walikuja kutazama, kama ujuavyo. Jirani yangu dereva alileta kigoda chake. Wengine wawili walikaa kwenye ukuta wa tangi la maji, mmoja wao yule mwenye duka la pembejeo, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Mwalimu," akasema mwenye duka, "hiyo kitu italia kuku ikipita?"

"Hapana. Labda kuku apige teke."

"Kuku wa mama yako wanapiga. Nimewaona."

Mama akacheka mlangoni. "Wanapiga wenye madeni," akasema, na wote wakamgeukia mwenye duka, kwa kuwa alikuwa amechukua trei mbili za mayai bila kurudi kulipa.

Basi mwenye duka akatafuta pa kujificha, akanigeukia mimi. "Lakini utuambie ukweli. Unaogopa wezi ama unaogopa sisi?"

Alikuwa anatania. Lakini niliinua kichwa haraka kupita kiasi, nikajigonga kwenye usukani. "Wezi," nikasema. "Nyinyi mtafundishwa leo leo."

Na nikawafundisha. Nilimpa kila mmoja rimoti kwa zamu, nikamwonyesha kitufe cha kufunga na cha kufungua. Jirani yangu alibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayejaribu kama papai limeiva. Kikalia, mbwa wa bonde lote wakajibu, mama akaziba masikio huku amefurahi. "Vai thina," jirani akasema, hakuna shida. "Hii hata mimi naiweza." Rimoti tukaifunga kwa uzi pamoja na ufunguo, ikarudi kwenye msumari. Wakaenda zao.

Walipoondoka ndipo nikafanya ile kazi nyingine.

Acha nieleze vizuri, kwa sababu utaambiwa uifanye, na si kazi mbaya. King'ora hupiga kelele, hakizuii. Mwizi anayejua kazi yake anakikata sauti na kuondoka. Kwa hiyo mafundi wetu huongeza swichi ndogo ya siri, wanaiita katauti. Unakata waya wa pampu ya mafuta, unaupitisha kwenye swichi, unaificha swichi. Ikiwa imezimwa, injini itazunguka vizuri kabisa, itaguruma, lakini haitashika. Ningeweza kuiweka kwenye waya wa stata, gari likakaa kimya. Nilichagua pampu makusudi. Nilitaka mwizi azungushe, azungushe tena, aseme gari hili ni bovu, aliache.

Niliificha ndani ya kisanduku cha majivu. Kwetu hakuna anayevuta sigara, na kisanduku hicho hakikuwahi kufunguliwa tangu nilinunue gari. Unakivuta, unapitisha kidole nyuma, unabonyeza. Nilijaribu mara kumi. Nilijipongeza.

Mama alikuja na chai, akaniona nimejikunja chini ya usukani.

"Bado haijaisha?"

"Imeisha, mwaitu. Njoo nikuonyeshe kitu kimoja."

Akaweka mkono hewani kunizuia. "Ni siri?"

"Ni siri."

"Basi usinionyeshe. Mimi nikijua, Jumapili kanisa lote litajua, na padre ataitangaza pamoja na harusi."

Tukacheka. Nikasema moyoni nitamwonyesha jirani kesho, maana yeye ndiye anayeendesha. Kesho yake ilikuwa Jumapili, akaja na mwenye duka, nami nikaona nikiitaja swichi ya siri mbele ya mtu aliyeniuliza kama nawaogopa wao, nitakuwa nimemjibu. Jumatatu nikaenda kazini. Nilifikiri kuiacha imewashwa mchana na kuizima nikirudi, na kwa siku nne nilifanya hivyo. Ijumaa niliamka nimechelewa. Usiku nilikuwa nimeizima kama kawaida. Asubuhi nilipita kando ya gari, nikagusa boneti kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake, nikakimbilia matatu.

Siku hiyo nilisimamia mtihani. Simu zetu, za wanafunzi na za walimu, hubaki ofisini. Nilizunguka kati ya madawati kwa saa tatu, nikiwaambia vijana kwa upole wasome swali mara mbili. Nilipoichukua simu niliona jina la jirani mara kumi na moja. Nikampigia. Aliyepokea ni mke wake, akasema tu, "Njoo hospitali."

Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye, na kila aliyenisimulia alidhani ananifariji. Mama alishikwa akiwa bandani mwa kuku. Jirani aliruka ua, akachukua ufunguo msumarini, akabonyeza rimoti sawasawa kama nilivyomfundisha. Kikakubali. Milango ikafunguka, mama akalazwa kiti cha nyuma, mke wa jirani akamshika kichwa. Jirani akazungusha ufunguo. Injini ikaguruma, haikushika. Akangoja, akidhani ameilowesha kwa mafuta. Akazungusha tena. Akafungua boneti, akakaza ncha za betri, akapiga chujio la mafuta kwa spana. Aliniita kwenye simu, akaniita tena. Betri ilipochoka akawaita watu, wakalisukuma gari kuteremka kilima, mama ndani, na yule mwenye duka ndiye aliyesukuma mbele ya wote. Lilifika chini bila kushika. Hapo ndipo wakatafuta pikipiki. Mama alikalishwa katikati, kati ya mwendeshaji na jirani, amefungwa leso kiunoni asidondoke.

Tangu aliposhikwa hadi oksijeni ilikuwa saa moja na dakika hamsini.

Walimpokea vizuri, walifanya yote. Alifungua macho siku ya pili lakini hakunijua. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akaniuliza kama kuku wamefungiwa. Siku ya nne, saa sita mchana, nikiwa nimemshika kisigino kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mirija, alifariki.

Kwenye mazishi jirani yangu alingoja watu wapungue kaburini. Alikuwa amevaa koti la enzi zake za lori, lililofuliwa na kupigwa pasi. Akasimama mbele yangu akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu, nisamehe. Nimeendesha miaka hiyo yote. Gari imenikataa siku moja tu, na ni hiyo."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ni gari la zamani, mzee. Si kosa lako." Ilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo niliichagua. Akaondoka akibeba hatia yangu, na nilimtazama akiibeba kati ya mahindi hadi kwenye lango lake.

Miezi mitano nilimwacha hivyo. Aliacha kuendesha. Mke wa kijana mmoja aliposhikwa na uchungu, walimwita, akasema macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Macho yake yalikuwa mazima. Nilikuwa nikimwona asubuhi akichomoa miiba kwenye kwato za mbuzi. Mimi nilikwenda chuoni kila siku kuwaeleza watoto wa watu mkondo wa umeme unavyopita na unavyokatika. Nilirudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayekohoa ndani yake, nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Kuku niliwagawa. Nilifikiri, nikimweleza nitampoteza na yeye, na sikuwa na mtu mwingine wa kuniuliza habari ya asubuhi.

Hatimaye nilimwita. Ilikuwa Jumamosi, mchana, gari liko uani na betri nimeichaji upya. Nilimkalisha kwenye kiti cha dereva, mimi nikakaa kando yake, nikamwambia azungushe ufunguo. Ikaguruma, haikushika. Akaondoa mkono kwenye ufunguo. Ndipo nikavuta kisanduku cha majivu, nikauchukua mkono wake, nikakiingiza kidole chake nyuma mpaka kikagusa swichi. "Bonyeza," nikasema. "Sasa zungusha."

Injini ikashika mara moja, ikaguruma kwa utulivu kama gari lisilo na kasoro yoyote.

Hakunigeukia. Alisikiliza injini, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Kumbe si mimi," akasema.

"Si wewe. Ni mimi."

"Na mwaitu alikuwa hapa nyuma."

"Ndiyo."

Akazima. Akashuka, akafunga mlango polepole, akavuka ua. Sijui kama amenisamehe. Ananisalimia kila siku, kwa heshima yote, kama anavyomsalimia mgeni wa serikali. Kigoda chake hakijarudi uani kwangu. Anaendesha tena, nimesikia, gari la mwenye duka. La kwangu hakuna anayelichukua, ingawa niliwaambia wote ukweli na nikaing'oa ile swichi kwa mikono yangu, nikaunga waya wa pampu kama ulivyokuwa.

Wewe usiogope kazi yako. Weka king'ora, weka na katauti ukitaka, ni kinga nzuri. Ila kabla hujarudisha skrubu za dashibodi, mwite mtu atakayelihitaji gari hilo siku ambayo hupo. Mwonyeshe swichi ilipo, kisha izime, mpe ufunguo, ushuke usimame nje, wala usimsaidie kwa neno lolote. Akiwasha injini mwenyewe mara tatu, ndipo ukaze skrubu.